Kioo cha Mpanga Herufi

Mzee alivisoma vitufe vyote sita, kimoja baada ya kingine, kisha akakisukuma kile kioo cha kugusa kwa kiganja mpaka kikaporomoka kutoka mezani na kubaki kikining'inia kwa waya wake.

"Baba!" Mkwewe alikidaka kabla waya haujachomoka. "Kimekukosea nini?"

Mzee akageuza uso ukutani. Tangu kiharusi kimpige, upande wake wa kushoto ulikuwa umelala na ulimi umekuwa mzito, hata neno halitambuliki. Mkono wa kulia ulikuwa hai, lakini ulitetemeka, kalamu haishikiki. Daktari alisema akili yake haijaguswa. Katika familia, daktari huyo aliaminiwa na watu wawili tu: mkwe mwenyewe, na mumewe, ambaye alikuwa mtoto wa mwisho wa Mzee na ambaye kila mtu alimwita Fundi kwa sababu alichomelea mageti pale uani.

Fundi aliingia na miwani yake ya kuchomelea ikiwa juu ya paji la uso, akamkuta mkewe amepiga magoti anakagua waya.

"Amekataa?"

"Amekataa."

"Hebu nione." Akavisoma vile vitufe kwa sauti. "Njaa. Kiu. Choo. Maumivu. Ndiyo. Hapana." Akakuna kidevu. "Mke wangu, hata mimi ningekisukuma."

"Nilitaka aanze na mambo rahisi."

"Huyu amepanga herufi za kuchapia vitabu vya shule na kadi za harusi za mji mzima, moja moja kwa mkono. Leo unampa maneno sita, na moja ni choo?"

Mkwe alivisoma tena vile vitufe, kimoja kimoja. Uzuri wake ni huo: alikuwa mbishi, lakini akikosea hakawii kujua. Alimtazama baba mkwe wake pale alipolala, mgongo umegeuka, shati limetoka kwenye suruali kwa sababu hakuna aliyekumbuka kumchomekea, akaona aibu ya kweli. Alikichukua kioo akavifuta vitufe vyote sita siku hiyohiyo.

Mwanamke huyu aliajiriwa na kampuni inayotengeneza pampu za vituo vya mafuta. Mwenye gari akijaza mafuta hutazama namba zikikimbia, asijue kwamba kuna mtu aliyekaa akaamua kila namba iwe nene kiasi gani na isimame wapi. Mtu mwenyewe ndiye huyu. Na kioo alichompelekea Mzee kilikuwa cha pampu, kimekwaruzwa pembeni, bosi wake akamwachia badala ya kukitupa.

Marafiki walimcheka. "Si upakue kitu kwenye simu tu?" Walikuwa wameshajaribu. Ncha za vidole vya Mzee zilikuwa ngumu na kavu, kwa miaka ya kushika zile herufi za madini ya risasi na mafuta ya kusafishia mitambo, na kioo cha simu hakikuzitambua hata kidogo. Na ikitokea simu ikaitikia, inakimbilia kumkamilishia neno. Akianza "na", yenyewe inamletea "nakupenda". Mzee hakuwa na wa kumwambia hivyo.

Kioo cha pampu hakina mambo hayo. Kinataka kusukumwa tu kama kengele ya mlango, hakijali kidole kikavu wala kilicholowa. Tatizo lake ni kwamba kumbukumbu yake ni finyu na programu za kisasa haziingii, kwa hiyo mkwe alikiandikia kwa lugha ya C, lugha ya zamani ya kompyuta ambayo haikufanyii jambo lolote usiloliomba. Humo hakuna kitu kinachoitwa kitufe. Ukitaka kitufe unachora mstatili, nukta kwa nukta, unauwekea mstari mweupe juu na wa kijivu chini ili jicho lidhani umeinuka. Kikibonyezwa unaibadilisha mistari, herufi unaishusha nukta moja, na jicho linaamini kimezama. Ukisahau kufuta ulichochora mwanzo, kinabaki kikichungulia nyuma ya kipya. Watu humwonea huruma anapowaeleza haya. Yeye huwaonea huruma wao, maana hawajui raha ya kukijua kitu mpaka nukta yake ya mwisho.

*

Simu ya Kaka Mkubwa ilikuja wakati wa chai ya jioni. Alikuwa mtoto wa kwanza wa Mzee, mwenye duka la vipuri vya magari, na siku zote alizungumza kama mtu aliyeacha injini ikinguruma nje. Fundi aliiweka simu kwenye spika.

"Jumamosi nakuja," alisema. "Nimepata nafasi kwenye makao ya wazee. Pasafi, wana manesi. Nyumba tunaiuza, kila mtu anashika lake. Karatasi ziko tayari, ni Baba kuweka dole gumba tu."

"Umemuuliza Baba?"

"Nimuulize nini, mdogo wangu? Ukimuuliza atakujibu? Tusidanganyane. Baba tunaye, lakini Baba hayupo."

Baba alikuwa palepale, mezani, anasikia. Alifumba macho na kuyaacha yamefumba. Fundi alijitia kukohoa ili azibe maneno ambayo yalikuwa yameshatoka.

"Mke wangu anamtengenezea mashine ya kusemea," alisema. "Subiri uone."

Upande wa pili kulisikika kicheko kifupi. "Shemeji huyu na vioo vyake! Sawa. Ikiongea Jumamosi, nitaisikiliza. Isipoongea, tusirudishane nyuma."

Simu ilipokatika, Fundi alisimama akaanza kuzunguka meza. Hakuwa mtu wa hofu, lakini hapo aliishi, na uani ndiko kulikokuwa na jenereta yake, chuma chake na wateja wake.

"Tukitoka hapa, mageti nitachomelea wapi? Barazani kwa watu?" Akamwinamia mkewe na kushusha sauti. "Sikiliza. Weka kitufe kimoja kikubwa, katikati. Kiandike NABAKI HAPA. Hata mkono ukitetemeka vipi utakipata."

"Na pembeni niweke nini?"

"Pembeni weka maua."

Mkwe alicheka, kisha akaacha kucheka kwa sababu aliona mumewe hatanii. "Hapana," alisema. "Nikichora hivyo, kaka yako na karatasi yake na mimi na kioo changu tutatofautiana nini? Atasema mwenyewe."

"Na akisema asichotaka mtu kusikia?"

"Basi tutakisikia."

Alilisema kwa uhakika mkubwa, na alikuwa nao. Wanaomfahamu wanajua kwamba hana uhakika wa kuigiza. Mzee alifumbua jicho moja, akamtazama.

*

Safari hii alichora herufi zote, kuanzia A hadi Z, safu kwa safu, vitufe vipana vyenye nafasi kati yake. Nani asiyejua a, be, che, de? Alikisimamisha kioo mbele ya Mzee, akamvuta kiti, akakaa kando.

Mzee alibonyeza. Kioo kikaandika DDDD.

Hilo lilikuwa la mtetemo. Kidole kilipogusa mara moja, mashine ilihesabu mara nne. Mkwe aliongeza mistari michache ya kuiambia mashine isubiri kidole kitulie kwanza, akaijaribu kwa kutetemesha mkono wake mwenyewe mpaka Fundi akamuuliza kama anaumwa. Ilikubali. Mzee akabonyeza tena. DHTSJ.

"Andika neno lolote, Baba. Usiharakishe."

HTDDG. Jasho lilikuwa limemtoka kwenye paji la uso. Aliyatazama yale aliyoyaandika kama mtu anayesomewa barua ya mtu mwingine.

Basi hapo mkwe akafanya kosa ambalo lingefanywa na mtu wa kazi yake tu. Aliona kidole cha Mzee kinaangukia kila mara mbali na herufi iliyotakiwa, akaamua kwamba kioo ndicho kibovu. Vioo vya namna hiyo huchakaa, husogea, na kazini kwake dawa ilikuwa moja: unakipimisha upya. Kidole kikigusa hapa, hesabu kwamba kimegusa pale. Alikipimisha asubuhi. Alikipimisha mchana. Kila Mzee alipokosea, alikisogeza kioo kilifuate kosa, na kesho yake kosa lilikuwa limehamia kwingine.

Dada mtu alikuja na chungu cha supu akawakuta kwenye hali hiyo. Huyu alikuwa mtoto wa kati wa Mzee, mshonaji, mwenye moyo mwema na mdomo usiopumzika. Alimfunga baba yake kitambaa shingoni.

"Babaa! Fungua mdomo. Aaam! Haya, mtoto mzuri."

Mzee alifungua mdomo. Supu ikamtiririka kidevuni, binti yake akaikwangua kwa kijiko na kuirudisha. Mkwe alitazama pembeni. Alishawahi kumwona mzee huyu akimrudisha mteja mlangoni kwa sababu amemsalimia huku amevaa kofia.

"Wifi, ndiyo hiki?" Dada alimaliza kulisha, akajifuta mikono na kukisogelea kioo. "Ngoja nijaribu." Akabonyeza A. Kioo kikaandika F. Akabonyeza B, kikaandika L. Akageuka, macho ameyatoa. "Makubwa! Na mimi nimepata kiharusi?"

Mkwe hakucheka. "Nimekipindisha mno," alisema. "Nitakirekebisha."

"Wifi yangu, nikwambie kitu, usinichukie." Dada alimvuta kando, ingawa chumba kilikuwa kidogo na kando yenyewe ilikuwa hatua chache tu. "Achana nacho. Unafikiri Jumamosi kikiandika takataka mbele ya Kaka, itakuwaje? Atasema: mmeona? Baba mwenyewe ameonyesha hana akili. Utakuwa umemfungia mlango kwa mikono yako."

Maneno hayo yaliingia. Dada alikuwa amesema kweli tupu. Mzee asiyekuwa na mashine alikuwa bado na neno la daktari upande wake. Mzee mwenye mashine inayoandika takataka hatakuwa na kitu.

*

Aliomba ruhusa ya siku moja kazini, akakaa na kioo asubuhi nzima, akavunja vipimo vyake vyote. Alikirudisha kioo kilivyotoka kiwandani. Akabonyeza A mwenyewe, ikaandika A. Akabonyeza Z, ikaandika Z. Kioo kilikuwa kizima, na kilikuwa kizima siku zote.

"Basi kama si kioo, ni kidole," alijiambia kwa sauti, "na kidole nitakiuliza."

Aliondoa herufi zote. Alikiacha kioo kitupu, cheupe, akaiagiza mashine ifanye jambo moja tu: kila kidole kinapogusa, iweke nukta nyekundu hapo na iiache. Akamweka Mzee mbele yake.

"Baba, leo hakuna herufi. Andika tu jina la marehemu Mama, kama vile zipo."

Mzee alimtazama kwa muda. Kisha mkono ukanyanyuka, ukatetemeka hewani, ukashuka. Nukta moja. Nyingine. Nyingine. Hakuwa anatafuta. Macho yake hata hayakuwa kwenye kioo, yalikuwa dirishani.

"Tena, Baba."

Akaandika tena. Nukta zikaangukia pembeni kidogo mwa zile za kwanza.

"Mara moja tena, tafadhali."

Za tatu zikaangukia juu ya zile za pili. Mkwe alisogea karibu na kioo. Kidole kinachobahatisha hakirudi palepale. Kulikuwa na mafungu ya nukta, fungu nene katikati, mengine madogo yakiwa pembeni, na kila moja lilikuwa na mahali pake. Mzee hakuwa amekosea hata siku moja. Alikuwa anaandika kwenye kitu kingine.

Fundi aliingia kuchukua maji ya kunywa, akapita nyuma yao, akasimama.

"Mbona umechora kasha?"

"Kasha gani?"

"Kasha la herufi. La Baba." Akaiweka bilauri chini na kuonyesha kwa kidole cheusi cha masizi. "Lilikuwa hivi, na visanduku, vikubwa vikubwa hapa katikati, vidogo huku. Baba alikuwa anachota herufi bila kuangalia, macho yapo kwenye karatasi ya mteja, mkono unajiendea wenyewe. Nilikuwa nikirudisha herufi kwenye kisanduku kisicho chake, nakula kofi. Niulize mimi."

Mzee alitoa mngurumo. Safari hii hakuna aliyehitaji mkalimani. Alikuwa anacheka.

"Lipo?" mkwe aliuliza.

"Lipo stoo. Naweka humo misumari na bawaba."

Alilileta, vumbi tupu, akamwaga misumari kwenye ndoo. Mzee aliponyoosha mkono akagusa ule ubao uliokwanguka, kidole chake kilipita kwenye kingo za visanduku taratibu, na mtetemo ukapungua. Haukwisha. Ila ulipungua, na wote wawili waliuona.

Mchana wote walichora pamoja. Mkwe alipima kila kisanduku kwa rula ya Fundi, akakihamishia kwenye kioo kwa namba: kinaanzia nukta hii, kinaishia nukta ile. Visanduku vilikuwa vitupu, kwa sababu hakutaka kukisia tena. Alimtajia Mzee herufi, Mzee akabonyeza ilipo.

"A iko wapi, Baba?"

Kidole kikatua kwenye kisanduku kikubwa kuliko vyote, katikati.

"Hicho kilipotoka kiwandani kilikuwa cha E," Fundi alieleza, kifua mbele. "Makasha yalikuja kutoka ng'ambo, na huko E ndiyo inayoliwa sana. Baba akasema, sisi hapa tunakula A. Akaihamisha. Wapanga herufi wengine wakamwiga."

"N? U? K?" Kimoja baada ya kingine, bila kusita hata mara moja. Mkwe aliandika mistari yake huku anaimba chini kwa chini. Ilikuwa kazi anayoipenda, na sasa ilikuwa inakwenda: kila kisanduku na mpaka wake, kila mpaka na mstari mweupe juu na wa kijivu chini. Hakuweka programu ya kukisia maneno. Hakuweka maneno yaliyopangwa tayari. Alipomaliza, alikiweka kioo kimelala mezani, kimeinuka kidogo upande wa juu, kama lilivyokaa kasha.

Mzee akabonyeza. Herufi zilijipanga juu, polepole, kubwa, nyeusi.

CHAI IMEPOA.

Fundi akasoma. Akasoma tena. Kisha akakichukua kikombe cha baba yake, akaenda nacho jikoni, na huko akasikika akipenga kamasi kwa nguvu.

*

Jumamosi Kaka Mkubwa aliingia na bahasha chini ya kwapa na kikebe cha wino mkononi. Dada alifuata nyuma yake, ameshika mkoba kwa mikono miwili. Mzee alikuwa ameshanyolewa ndevu, shati limechomekwa, amekaa mezani mbele ya kioo chake.

"Baba! Hujambo?" Kaka Mkubwa alipaza sauti kama anaita mtu ng'ambo ya barabara.

"Anasikia, Shemeji," mkwe alisema.

"Najua, najua." Akaketi, akatandaza karatasi, akafungua kikebe. "Nina haraka kidogo. Hiyo mashine inaongea?"

"Yeye ndiye anayeongea. Muulize."

Kaka Mkubwa aliwatazama wadogo zake mmoja mmoja, akashusha pumzi kama mtu aliyekubali kucheza na watoto kidogo. "Haya, Baba. Tunataka kukupeleka mahali pazuri, utunzwe. Na hii nyumba tuiuze. Unasemaje?"

Mkono wa Mzee ulinyanyuka. Dada, asiyeweza kunyamaza, alianza kutaja herufi zinavyotokea.

"U... Z... E... N... I. Uzeni." Akamtazama Fundi. "N... Y... U..."

Herufi moja ilichukua muda wa mtu kukoroga chai. M. B. A.

UZENI NYUMBA

"Si hilo?" Kaka Mkubwa alipiga meza kwa furaha, karatasi zikaruka. "Nilisema nini? Hata yeye mwenyewe! Shemeji, nakutaka radhi, mashine yako inafanya kazi. Ubarikiwe."

Uso wa Fundi ulikuwa umepauka. Alimwinamia mkewe sikioni. "Zima," alinong'ona. "Izime. Sema imeharibika. Nakuomba."

Swichi ilikuwa nyuma ya kioo, chini ya kidole chake kabisa. Hakuna ambaye angejua. Mashine huharibika kila siku, na nani pale angeweza kubishana naye? Aliufikiria ua, jenereta, chumba chao chenye dirisha la mashariki, na alitaka kuizima. Alitaka sana. Akaondoa mkono akauweka mapajani.

"Mwacheni amalize," alisema.

"Amalize nini tena? Amemaliza. Kiswahili tunakijua sote." Kaka Mkubwa alikuwa ameshasimama. Alimshika baba yake kiganja cha mkono wa kulia, akalivuta dole gumba kuelekea kwenye wino. Mzee aliuvuta mkono nyuma. Mwanawe akaushika kwa nguvu zaidi.

"Shemeji, mwachie mkono." Sauti ya mkwe haikupanda, lakini kila mtu aligeuka. "Huo ndio mdomo wake."

Kaka Mkubwa aliutazama ule mkono ndani ya mkono wake, mwembamba, unatetemeka, wino mweusi umeshaugusa ukucha. Akauachia.

Mkono ulirudi kwenye kioo. Ulipumzika kwanza. Kisha ukaendelea palepale ulipokuwa umekatizwa.

"N," Dada alisema kwa sauti ndogo. "I... K... I... F... A. Nikifa."

UZENI NYUMBA NIKIFA.

"B... A... D... O..."

BADO SIJAFA.

Dada ndiye aliyeanza. Kicheko kilimtoka bila ruhusa, akajiziba mdomo kwa mkoba, kikatokea pembeni, na kilipofika katikati kikawa kilio. "Baba yangu," alisema. "Baba yangu jamani, na mimi nakuambia fungua mdomo aaam!" Fundi alikaa chini kwenye kiti kisichokuwa chake. Mkwe alikuwa anatabasamu na machozi yanamshuka, na hakujishughulisha kuyafuta. Alikuwa ameifanya kazi yake vizuri na alilijua hilo.

Kaka Mkubwa alibaki amesimama, vidole vina wino, hajui pa kuviweka. "Baba," alisema, na hakupaza sauti. "Sikuwa na nia mbaya. Wewe unajua. Nilifikiri..." Akaanza kukusanya karatasi. "Mimi niende tu, nina shughuli."

Mzee alimtazama. Alimtazama kwa muda mrefu, kuanzia kola ya shati mpaka mkanda wa suruali, kwa namna ambavyo mpanga herufi hutazama ukurasa kabla haujaenda kwenye mtambo. Kisha akaandika, na Dada hakutaja herufi. Walisubiri wote kimya, zikijipanga moja moja.

UMEKONDA. UNA NINI?

Mtu mzima huyo, mwenye haraka zake zote, alijaribu kucheka. Mdomo ulikataa. Alivuta kiti, akakaa karibu na baba yake, magoti yao yakagusana, akaanza kukunja bahasha na kuikunjua.

"Duka nimelifunga, Baba," alisema. "Siku nyingi sasa. Mke wangu hajui. Asubuhi naaga, naendesha gari mpaka mahali, nakaa humo mpaka jioni." Akaifuta pua kwa mgongo wa mkono, wino ukamchora shavuni. "Hakuna aliyeniuliza."

Mzee aliurudisha mkono kwenye kioo, kwenye kisanduku kikubwa cha katikati, akaanza sentensi nyingine, na safari hii kila mtu alikaa akasubiri.